Pipi Nyeupe za Baba

Wiki iliyopita magoti yaliniuma, na mjukuu wangu akaniletea vidonge alivyovikuta kwenye kopo kabatini. Nilipofungua kifuniko harufu ya siki ikanipanda puani, nikalirudisha kopo mezani bila kumeza kitu. Mjukuu akadhani naogopa uchungu. Akaniambia vimeharibika tu kwa kukaa sana, angeninunulia vingine. Nikamwacha aende dukani, nikabaki na ile harufu, na kwa muda kidogo sikuwa bibi wa mtu yeyote. Nilikuwa mtoto wa miaka minane hivi, nimepiga magoti kwenye baraza ya nyumba yetu Tabora, nimeshika kopo la baba yangu.

Ninyi wa rika langu mtanielewa nikisema kwamba zama zetu baba hakuwa mtu wa kuulizwa maswali. Wangu ndiyo kabisa, maana alikuwa maalim. Chuo chake kilikuwa hapo hapo barazani, katika mtaa wa zamani ambao milango ya nyumba zake ilikuwa mizito kuliko kuta. Wavulana walikaa mbele, wasichana nyuma kwenye mkeka uliochakaa, kila mmoja na ubao wake na kidole cheusi kwa wino wa masizi. Baba alikaa juu ya ngozi ya mbuzi, fimbo ya mpera pembeni. Fimbo yenyewe ilikuwa ndefu, na sisi wa nyuma tulifikiwa pia.

Sifa ya baba ilikuwa ulimi wake. Tunaposoma kuna herufi ambazo ncha ya ulimi lazima iguse ukingo wa meno ya mbele ya juu, kwa wepesi, pumzi ipite katikati. Ukikaza ulimi, umeharibu. Ukiurudisha nyuma, umeharibu zaidi. Baba alitufundisha kwa kutuwekea kidole chini ya meno yetu mpaka ulimi uone njia. Mwezi wa Mfungo Sita, Maulidi yalipofika, yeye ndiye aliyesoma, na watu walikuja kwa miguu kutoka Kwihara kumsikia. Wapo waliokuja kwa mapenzi. Wapo pia waliokuja kutega sikio, kwamba labda mwaka huu atateleza, wapate la kuzungumza kwenye kahawa hadi mwaka mwingine. Mji wetu ulikuwa hivyo, na baba aliujua vizuri kwa sababu yeye mwenyewe aliwasikiliza wenzake kwa sikio hilo hilo.

Mama yangu alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Kaliua. Baba alimwona huko alipokwenda kusomesha watoto wa mfanyabiashara mmoja, akamuoa, akamleta mjini. Ukoo wa baba ulikuja Tabora na misafara ya zamani kutoka pwani, na shangazi yangu, dada yake mkubwa baba, hakuacha siku ipite bila kutukumbusha. Ukoo wa mama ndio uliobeba mizigo ya misafara hiyo kichwani. Mama alilitaja hilo mara moja tu, siku alipochokozwa sana, na shangazi akanyamaza mpaka jioni.

Sasa niseme juu ya pipi. Chuoni kumumunya pipi lilikuwa kosa kubwa. Mvulana aliyekamatwa na shavu limevimba alitemeshwa mbele ya wote na akala fimbo tatu. Kwa hiyo mtaona kwa nini nilishangaa siku nilipomwona baba, wakati wenzangu wameinamia mbao zao, akigeuza uso ukutani, akiinua pembe ya ile ngozi ya mbuzi, na kutoa kitu cheupe, cha duara, kwenye kopo dogo la bati. Hakukitupa kinywani kama mtu anayetaka kumeza. Alikiweka taratibu kati ya mdomo na meno ya mbele, akafumba macho, akakaa. Baadaye nikaona koo linapanda na kushuka. Alipofumbua macho akakutana na yangu.

Hakunipiga. Aliweka kidole mdomoni, akanitazama sana, kisha akanikonyeza. Baba yangu, aliyekuwa hajawahi kunikonyeza tangu nizaliwe! Nilijaa furaha, nikashindwa hata kusoma mstari wangu. Nikajua, kwa uhakika ule wa mtoto asiye na habari, kwamba maalim anapenda pipi kama sisi na anaona haya. Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wa ulafi wake. Alipogeukia ukutani mimi nilisoma kwa sauti kubwa zaidi ili wenzangu wasimtazame. Alikula asubuhi kabla ya kufungua kinywa, kabla ya adhuhuri, na alasiri mara mbili au tatu. Niliona choyo kidogo kwamba hanigawii, lakini siri yenyewe ilikuwa tamu kuliko pipi.

Kisha tumbo likaanza. Kwanza ilikuwa kiungulia, akisukuma sahani kabla hajafika katikati. Mama akamkorogea maji ya magadi, akateuka, akapata nafuu, kesho yake ikarudi pale pale. Ikaja asubuhi akaamka akashika chini ya kifua kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka, na kahawa yake akaimwaga uani. Akakonda. Kanzu ikaanza kumning'inia. Alisomesha ameegemea ukuta, na mara nyingi alishika pembe ya kilemba akajifunika mdomo, jambo tulilolichukua kuwa ni adabu ya wanachuoni. Alinukia karafuu. Hata hilo tuliliona ni uchaji.

Siku moja baada ya alfajiri alitapika, na ndani ya matapishi mlikuwa na vitu vyeusi kama machicha ya kahawa, ilhali kahawa alikwisha kuiacha siku nyingi. Mama akaniambia nikimbie nimwite Dresa Yohana.

Dresa Yohana alifanya kazi ya kufunga vidonda na kutoa dawa serikalini, na alikaa nyuma ya mtaa wetu. Alikuwa Mnyamwezi Mkristo, mfupi, mwenye baiskeli iliyomzidi urefu. Alipoingia uani alimsalimu mama kwa lugha ya kwao.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," mama akajibu, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo, maana kwetu pale hakuna mtu mwingine aliyemwita mayu, yaani mama, kwa Kinyamwezi.

Aliyatazama matapishi kwa muda mrefu bila kinyaa. Akambonyeza baba chini ya kifua, baba akauma kanga ya mama asipige kelele. Dresa akatueleza kwamba ngozi ya ndani ya tumbo imevimba na kuchubuka, na zile chembe nyeusi ni damu iliyokaa tumboni. "Tumbo lake sasa ni kidonda," akasema. "Kidonda huwezi kukisugua kwa pilipili. Uji mwepesi, maziwa, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kahawa hapana. Tumbaku hapana." Akaacha chupa ya dawa nyeupe, nzito kama chokaa ya kupakia ukuta. Kisha akamuuliza baba kama anameza dawa nyingine yoyote.

"Dawa ni hiyo yako tu," baba akasema.

Nilikuwepo, nikasikia. Sikuona uongo wowote hapo.

Mama akaanza kazi. Nimewauguza watu wengi maishani mwangu na sijamfikia. Alitwanga ulezi, akauchekecha kwa kitambaa, uji ukawa laini wa kumlisha mtoto mchanga. Alichanganya na maziwa, akatia asali ya miombo kwa ncha ya kijiko. Pilipili aliitoa nyumbani kabisa, hata sisi tukala mchuzi baridi. Kila saa kidogo alikuwa anaingia na kibakuli. Baba akapata nafuu siku mbili, ya tatu akajikunja tena. Dresa alipopita na baiskeli yake alikuna kichwa. "Mbona halitulii? Kuna kitu kinaligusa. Mayu, nataka kujua kila kinachopita kinywani mwake, hata maji." Mama akamtajia: uji, maziwa, dawa nyeupe, wali uliopondwa. Hakuacha kitu anachokijua. Mimi nami nilikuwa nimesimama mlangoni, na pipi hazikunijia hata akilini, maana nani aliyewahi kuumwa tumbo hivyo kwa pipi?

Shangazi alikuwa na jibu lake. Alihamia kwetu na mkeka wake, akakaa mlangoni mwa chumba cha mgonjwa. Mwanzo alilaumu nsansa, yale majani makavu ya kunde ambayo mama aliyapika kwa karanga kama kwao. Akasema tumbo la mtu wa mjini halikuumbwa kwa majani ya porini. Mama akaacha kupika nsansa. Tumbo halikuacha. Ndipo shangazi akaanza kuuliza, kwanza jikoni kwa majirani, halafu kwa sauti ya wazi, inakuwaje mtu apikiwe na mkono mmoja tu, aoshewe bakuli na mkono huo huo, na azidi kukauka. Neno "kalishwa" alilitamka siku ya Ijumaa, watu wakiwepo.

"Mwulizeni mwenyewe," mama akasema. Alikuwa ameshika kibakuli cha uji. "Baba watoto, mimi nimekulisha nini?"

Wote wakamgeukia baba. Alikuwa macho. Alikuwa na nguvu ya kusema. Nimeirudia picha hii mara nyingi kuliko ninavyopenda: baba yangu ameshika pembe ya kilemba, amejifunika mdomo, anatazama dari. Hakusema mama kamlisha kitu. Hakusema hakumlisha. 

Mama aliweka kibakuli chini polepole ili kisimwagike. Jumapili akapanda treni ya Kigoma kurudi kwao Kaliua, na mimi nikaachwa kwa kuwa nilikuwa mtoto wa ukoo. Shangazi akashika jiko. Uji wake ulikuwa na mabonge.

Nililia nikakauka. Nilianza hata kumchukia baba, na nilipomchukia nikaona siri yake haina haja ya kulindwa. Dresa alipokuja Jumatano, akamkuta ametapika tena vitu vyeusi, alisimama uani akisema peke yake kwamba basi si mkono wa yule mama, maana yule mama hayupo. Nikamfuata mpaka kwenye baiskeli.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Pipi zinachubua tumbo?"

"Pipi gani?"

"Za baba. Nyeupe. Anakula nyingi kwa siku na hanipi hata moja."

Akaegemeza baiskeli ukutani. Nikaenda barazani, ambako chuo kilikuwa kimefungwa kwa ugonjwa, nikapiga magoti, nikainua ngozi ya mbuzi, nikampelekea kopo. Alipofungua, ile harufu ya siki ikatoka. Akachukua kimoja akaniwekea kwenye ncha ya ulimi, nikatema pale pale. Nilipata aibu isiyo na kifani. Miezi yote ile nilikuwa namwonea baba wivu kwa uchungu ule!

"Aspirini," dresa akasema. "Na tumbo tupu." Akaniuliza anazila vipi. Nikamwonyesha: nikageuka ukutani, nikaweka kidole kati ya mdomo na meno ya mbele, nikafumba macho. Dresa akanitazama, akaelewa jambo ambalo mimi sikulielewa bado, akaingia chumbani bila kubisha hodi.

"Maalim, fungua kinywa."

Baba akakataa kwa kichwa. Shangazi akaanza kufoka kwamba mtu huyu hana heshima. Dresa akaliweka kopo kitandani, wazi, na baba alipoliona akanitazama mimi. Kisha akashusha kilemba. Meno mawili ya mbele ya juu yalikuwa meusi kwenye mizizi, fizi imevimba, usaha unatoka pembeni. Harufu ya karafuu ilikuja na nyingine chini yake. Nilikuwa nimekaa mbele ya mdomo huo kila siku na sikuwahi kuuona.

"Tangu lini?"

"Tangu baada ya mavuno."

"Kwa nini hukuja tuyang'oe?"

Baba akayagusa kwa kidole. "Ukiyang'oa haya," akasema, "nitasomaje?"

Dresa alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakucheka, na kwa hilo nampenda hadi leo. Alimweleza kwamba vile vidonge vinatuliza jino lakini vinaichoma ngozi ya tumbo, hasa tumbo likiwa tupu, na yeye amekuwa akivimeza bila kitu, kimoja baada ya kingine, huku mkewe akihangaika na uji. "Uji ule ndio uliokuweka hai," akasema. "Usingekuwepo, ungekwisha kufa. Sasa chagua: meno mawili au tumbo."

Yaling'olewa kesho yake. Mimi ndiye niliyeshika beseni. Vidonge dresa alivizika nyuma ya choo. Na kwa uji ule ule, maziwa yale yale, dawa ile ile nyeupe, siku kumi hazikupita tumbo likatulia. Baba akaanza kulala. Akaanza kuomba chakula. Lakini kusema alisema kwa ishara na kwa kuandika kwenye ubao, kwani kila alipofungua kinywa pumzi ilipita pale penye pengo ikapiga mluzi. Chuo hakukifungua. Maulidi yalipofika alisoma mtu mwingine, na baba alikaa chumbani, dirisha limefungwa, akinyoosha kidole kila yule mtu alipokosea. Mimi hakunisemesha. Sikujua kama amenikasirikia au ameona haya mbele yangu. Nadhani vyote viwili.

Shangazi ndiye aliyeleta habari ya mshenga. Yeye naye alikuwa amepungua sauti baada ya lile kopo, ingawa sikumsikia akiomba radhi. Akasema mwanamke arudishwe, maana yeye uji umemshinda, atafutwe mtu mzima wa kauli nzuri apelekwe Kaliua aseme na wakwe, kama ilivyo desturi. Maalim hana haja ya kwenda kujidhalilisha na mdomo ule. Baba alichukua ubao wake. Nilidhani ataandika jina la mshenga. Aliandika: Nakwenda mwenyewe. Chini yake akaongeza: Na huyu. Akaninyooshea kidole.

Kaliua tulifika jua limepanda. Kutoka stesheni tulitembea kwenye njia ya mchanga kati ya mashamba ya karanga, baba mbele, mimi nyuma, hatusemezani. Kwa mama walitupokea kwa heshima lakini bila tabasamu. Babu, wajomba na wake zao walikaa uani kwenye vigoda, watoto wa nyumba hiyo wakajazana mlangoni kumwangalia maalim wa mjini. Mama alikaa mbali, upande wa jikoni, anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. Nilitaka kumkimbilia, nikaogopa kuharibu kitu nisichokijua.

Babu akasema, "Tunakusikiliza, mkwe."

Baba akashusha kilemba chini ya kidevu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anafanya hivyo mbele ya watu tangu yang'olewe. Akaanza na salamu, na herufi ya kwanza tu mluzi ukatoka, mwembamba, wa kuchekesha kwa kweli. Watoto mlangoni wakaangua kicheko. Mmoja akamwigiza. Mjomba akawafokea, baba akainua mkono waachwe. Masikio yake yalikuwa yamewaka. Mimi nilifumba macho, kisha nikayafumbua, maana niliona nikifumba nitakuwa namwacha peke yake.

"Mke wangu hakunilisha kitu kibaya," akasema, na kila neno lilipiga mluzi. "Kilichoniumiza nilikimeza mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa kuogopa kuchekwa. Alipolaumiwa nilikuwa najua kwamba nina siri. Nikanyamaza. Chakula chake ndicho kilichonisimamisha. Nimekuja kusema hivyo mbele yenu."

 Babu akatazama upande wa jikoni. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwa mama. Hakutazama kwetu bado. Akatoa punje moja mbovu, akaitupa kwa kuku.

"Sikusikia vizuri," akasema. "Aseme tena."

Alikuwa amesikia. Wote pale walijua amesikia, na baba alijua kuliko wote. Akajiweka sawa kwenye kigoda kama anavyojiweka msomaji, akapandisha sauti, akasema tena tangu mwanzo, neno kwa neno, mluzi kwa mluzi, mpaka kule kwenye nyumba ya pili watu wakatoka nje kusikiliza. Alipomaliza, mama aliweka ungo chini, akajipangusa pumba kwenye kanga, akaingia ndani kufunga mizigo yake.